Umeme Tuli na Hewa ya Pwani: Kwa Nini Chanuo Hukataa Kuvuta Karatasi Bagamoyo?

Nilipokuwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya mwambao huu, kaskazini ya Dar es Salaam, mwalimu wetu wa fizikia aliingia darasani asubuhi moja ya mwezi Aprili akiwa na rula ya plastiki, kitambaa cha sufu na karatasi iliyochanwa vipande vidogo vidogo. Alitueleza kuwa rula ikisuguliwa kwa sufu hupata chaji ya umeme, na kwamba vipande vile vya karatasi vitairukia. Akasugua. Vipande vikatulia mezani kama vilivyowekwa. Akasugua tena kwa nguvu zaidi, hata jasho likamtoka, havikutikisika. Nje mvua ya masika ilikuwa ikinyesha, na kuta za darasa zilikuwa na ubaridi wa maji. Mwishowe alifunga kitabu, akasema: "Andikeni kwamba karatasi zilivutwa." Tukaandika. Nami niliandika, na nikapewa alama zote.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Uppsala, nchini Uswidi, kwa masomo ya shahada ya uzamivu. Majira ya baridi yalipofika, sikuweza kushika kitasa cha mlango bila kupigwa na cheche. Nikivua fulana ya sufu gizani, niliona vimulimuli vya rangi ya samawati na kusikia mlio kama wa chumvi inayotupwa motoni. Lile jambo lililokataa kutokea mbele ya darasa zima lilikuwa sasa likinifuata kila nilikokwenda.

Sheria za maumbile hazibadiliki mtu avukapo bahari. Kilichobadilika kati ya Bagamoyo na Uppsala ni hewa. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi umeme tuli unavyojikusanya katika vitu vya kila siku na jinsi unavyotoweka. Kwa nini mwambao wetu huuficha. Na kwa nini kufichika huko kusitufanye tujione salama tunapojaza petroli katika dumu.

Kaharabu na sandarusi

Habari za umeme wa namna hii si ngeni kwa lugha yetu. Neno kaharabu, ambalo ni jina la utomvu wa kale uliogeuka mgumu kama jiwe na kutengenezewa shanga na tasbihi, limetufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni kitu kinachonyakua majani makavu. Waajemi walikiita kitu hicho kwa kazi yake: ukikisugua kwa nguo, huvuta vipande vya majani makavu. Ndugu zetu walioko Omani na nchi za Ghuba hulisikia kila siku neno la Kiarabu la umeme, kahraba, nalo ni neno hilohilo. Wayunani waliiita kaharabu elektron, na mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert alitumia neno hilo kuvipa jina la Kilatini vitu vyote vyenye tabia ya kuvuta vinaposuguliwa. Elektroni na elektroniki za leo zimezaliwa na neno hilo.

Mwambao wetu haukuwa na kaharabu, lakini ulikuwa na ndugu yake: sandarusi. Huu ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Sandarusi bora haikugemwa mtini, bali ilichimbwa ardhini, mahali palipokuwa na misandarusi zamani. Katika karne ya 19 ilichimbwa katika ukanda mrefu wa pwani, pamoja na nyuma ya Bagamoyo na Saadani, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa ng'ambo kutengenezea vanishi ya magari ya farasi na samani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Marekani, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Richard Burton, aliyepita mwambao huu mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 jinsi wafanyabiashara walivyotofautisha sandarusi ya kweli na chakazi, yaani utomvu mbichi usiokomaa.

Ninacho kipande cha sandarusi nilichopewa na mzee mmoja wa Kaole. Nikikisugua kwa kitambaa kikavu cha sufu alasiri ya mwezi Agosti, huvuta nyuzi za pamba na vipande vya majani sawasawa na kaharabu. Nikikisugua asubuhi ya mwezi Aprili, hakivuti kitu. Gilbert mwenyewe alikwisha kuona zaidi ya miaka 400 iliyopita kwamba hewa ya maji maji huizuia kazi hii. Kwa hiyo mwalimu wetu hakuwa wa kwanza kusumbuliwa.

Chaji hutoka wapi?

Kila kitu, kiwe rula, nywele au kanga, kimeundwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni zenye chaji hasi. Kwa kawaida chaji hizo mbili zinalingana, na kitu hakionyeshi dalili yoyote ya umeme.

Vitu viwili tofauti vinapogusana, kimoja huwa na tabia ya kuzishika chaji hasi kwa nguvu kuliko kingine. Vinapoachana, kimoja hubaki na ziada na kingine na upungufu. Nywele zikichanwa kwa chanuo la plastiki, kwa kawaida nywele hubaki chanya na chanuo hubaki hasi. Ndiyo maana nywele kavu husimama na kutawanyika: kila unywele una chaji ya aina moja na mwenzake, nazo husukumana.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja la kawaida. Msuguano hauumbi umeme, na wala si lazima uwepo. Kugusana na kuachana kunatosha. Kusugua husaidia kwa sababu nyuso mbili ngumu, hata zikionekana laini kwa macho, hugusana mahali pachache tu. Kuzipitisha moja juu ya nyingine huongeza mahali hapo.

Kwa upande wa metali, jambo hili linafahamika vizuri: zinazohama ni elektroni. Kwa upande wa plastiki na vihami vingine, wanasayansi bado wanabishana hadi leo. Wengine huona zinahama elektroni, wengine ioni, na wengine wameonyesha kuwa hata chembe za kitu chenyewe hubanduka upande mmoja na kushikamana na upande wa pili. Mwanafunzi anayedhani fizikia ya zamani imekwisha ajue kuwa swali lililoanza na kipande cha kaharabu bado halijafungwa.

Je, kiasi chenyewe ni kikubwa? Mtu anayetembea juu ya zulia katika nchi kavu huweza kujikusanyia chaji ya mikrokulombi 1 hivi. Hizo ni elektroni takriban 6,000,000,000,000. Hata hivyo mwili wa mtu una elektroni nyingi mno kuliko hizo, hata upungufu huo ni mdogo mno ukilinganishwa nazo.

Mtungi unaovuja

Ili kuelewa kwa nini chaji hujikusanya mahali pamoja na kutoweka pengine, tuwaze mtungi uliotoboka. Ukiutia maji kwa haraka kuliko yanavyovuja, utajaa. Tundu likiwa kubwa, hata ukitia maji kutwa nzima hautajaa kamwe. Kusugua ndiko kutia maji. Swali lililobaki ni kuhusu tundu.

Chaji ina njia nne za kutoroka. Ya kwanza ni kupitia ndani ya kitu chenyewe hadi ardhini, kama inavyofanya katika metali. Ndiyo sababu kijiko cha chuma ulichokishika mkononi hakipati chaji hata ukikisugua vipi. Ya pili ni kutambaa juu ya uso wa kitu. Ya tatu ni kuchukuliwa na ioni zilizomo hewani, hasa penye ncha kali. Ya nne ni cheche: nguvu ya umeme inapofikia takriban volti 30,000 kwa kila sentimeta moja ya hewa, hewa yenyewe huvunjika na kupitisha umeme kwa ghafula. Radi ni cheche ya namna hiyo hiyo iliyokua kupita kiasi.

Kwenye mwambao wetu, njia iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya pili. Vitabu vingine husema kuwa hewa yenye unyevu hupitisha umeme. Sivyo. Hewa yenye mvuke hubaki kihami kizuri karibu sawa na hewa kavu. Jambo linalotokea ni kuwa mvuke huganda juu ya uso wa rula na kufanya utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho. Chaji hutambaa juu ya utando huo hadi kwenye vidole vya mtu aliyeishika rula, ikaenda zake ardhini.

Maji na chumvi

Tulinganishe sasa hewa za miji miwili. Hewa ya Uppsala nje ya nyumba, ikiwa na baridi ya sentigredi 10 chini ya sifuri, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2 na kitu za mvuke katika kila meta moja ya ujazo. Hewa hiyo ikiingizwa ndani na kupashwa moto hadi sentigredi 20 bila kuongezwa maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 12 hivi tu. Hewa ya Bagamoyo yenye joto la sentigredi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba takriban gramu 23 katika meta ileile ya ujazo, yaani mara kumi zaidi.

Aliyekaa Dodoma, Iringa au Arusha wakati wa kiangazi atakuwa ameona hali ya katikati: blanketi hutoa cheche usiku, na mlango wa gari humpiga mtu anaposhuka. Huhitaji kwenda Ulaya kuona umeme tuli. Yatosha kuiacha pwani.

Lakini maji peke yake si habari yote. Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Pwani ina nyongeza: chumvi. Mawimbi yanapovunjika hurusha matone madogo mno hewani. Maji yake hukauka, na chumvi hupeperushwa na upepo hadi katika madirisha, madawati na rula zetu. Tazama kibakuli cha chumvi jikoni. Chumvi safi ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75. Chumvi ghafi ya bahari, kama ile inayovunwa katika mashamba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo, hulowa mapema zaidi, kwa sababu ina kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya maji ya hewani hata unyevu ukiwa asilimia 33 hivi. Utando uleule unaoilowesha chumvi ya mama jikoni ndio unaoiiba chaji ya rula ya mwanawe shuleni. Na jasho la vidole, ambalo nalo lina chumvi, huongeza upana wa tundu la mtungi.

Nguo tunazovaa hufuata kanuni hiyohiyo. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba ndani yake maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake. Nailoni hubeba asilimia 4 hivi, na poliesta haifiki hata nusu ya asilimia 1. Kanga ya pamba hunyonya maji na kuiachia chaji ipite. Shati la poliesta la mtumba huishika chaji, na ndilo linalong'ang'ania mwilini na kukusanya vumbi na nyuzi.

Unyevu usitudanganye

Huenda msomaji akasema: basi pwani yetu imebarikiwa, na umeme tuli tuwaachie watu wa nchi za baridi. Hapa ndipo ninapoomba usikivu wake zaidi.

Mtu aliyefikia volti 10,000, na ambaye uwezo wa mwili wake wa kuweka chaji ni pikofaradi 100 hivi, hubeba nishati ya millijuli 5. Ni kidogo sana. Haiwezi kumdhuru mtu. Lakini mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kipimo kinachofaa huwashwa na cheche ya takriban robo ya millijuli tu, yaani sehemu moja katika ishirini ya nishati hiyo. Tena mtu huanza kuhisi cheche inapofika karibu volti 3,000, ambapo nishati yake ni karibu nusu millijuli. Kwa maneno mengine, cheche usiyoihisi vizuri kidoleni yatosha kuwasha petroli.

Mwezi Desemba 1969 meli tatu kubwa mno za mafuta zililipuka katika muda wa wiki chache, zikiwa safarini bila shehena na matangi yake yakioshwa. Marpessa ilizama nje ya pwani ya Afrika Magharibi. Kong Haakon VII iliharibika vibaya huko huko magharibi. Na Mactra ililipuka katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, katika bahari hii yetu ya Hindi. Mabaharia walikuwa wakiosha matangi kwa mitutu ya maji yenye nguvu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa maji yakirushwa kwa nguvu namna hiyo hutoa ukungu wenye chaji, na umeme tuli ndio uliokubaliwa kuwa chanzo kinachoelekea zaidi. Baadaye ikawa desturi katika meli kubwa za mafuta kujaza tangi kwa gesi yenye oksijeni kidogo, ili hata cheche ikitokea moto usiwake.

Tafakari jambo hili. Ndani ya tangi lile unyevu ulikuwa mwingi kuliko asubuhi yoyote ya masika Bagamoyo, na bado chaji ilijikusanya. Sababu tumekwisha iona: hewa ya maji maji si kipitishi, kinachoiondoa chaji ni utando juu ya uso uliounganika na ardhi. Matone yanayoelea hewani hayagusi uso wowote.

Petroli nayo ina hila kama hiyo. Inapopita ndani ya mpira au kumiminika katika dumu la plastiki, yenyewe hupata chaji, na kwa kuwa ni kihami, huishika. Unyevu ulio nje ya dumu hausaidii sana chaji iliyomo ndani ya kimiminiko. Kwa hiyo wavuvi wa Bagamoyo na Kunduchi wanaonunua mafuta ya mashine za mashua, wenye pikipiki, na sisi sote, tuzingatie haya:

Dumu liwekwe chini ardhini wakati wa kujazwa, wala si juu ya gari, pikipiki au sakafu ya plastiki ya mashua. Mdomo wa bomba la pampu uguse dumu muda wote. Kujaza kuanze polepole. Mtu aguse kwanza chuma kilichounganika na ardhi kabla ya kufungua kifuniko. Faneli ya chuma isitumiwe katika dumu la plastiki, kwani chuma kilichotengwa na ardhi hukusanya chaji na kuitoa yote kwa cheche moja. Kwa sababu hiyohiyo ndoo ya chuma isitundikwe kwa mpini wa plastiki. Ndivyo wafanyavyo wataalamu: lori la mafuta huunganishwa na ardhi kwa waya kabla ya kupakuliwa.

Majaribio kwa shule za pwani

Walimu wenzangu wa mwambao wasikate tamaa. Jaribio lililotushinda sisi hufaulu likiandaliwa.

1. Chagua wakati. Miezi ya Juni hadi Septemba, saa nane au saa tisa alasiri, hufaa kuliko asubuhi.

2. Osha rula, au kipande cha bomba la maji la plastiki, kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi. Ianike juani pamoja na kitambaa cha sufu na karatasi hadi vikauke kabisa. Usiguse tena sehemu itakayosuguliwa. Ukitumia nywele, ziwe zimeoshwa na hazina mafuta.

3. Tengeneza kipima-chaji: chupa ya kioo, waya wa shaba, na vipande viwili vyembamba vya karatasi ya alumini vinavyoning'inia ndani. Waya upitishwe katika kizibo cha nta ya mshumaa, kwa kuwa nta haishiki maji kama kioo. Chaji ikiingia, vipande huachana.

4. Sasa fanya jaribio ambalo vitabu vya nchi za baridi mara nyingi huliacha. Kipe kipima-chaji chaji, kisha hesabu ni sekunde ngapi hupita hadi vipande vikutane tena. Rudia asubuhi, adhuhuri na alasiri, siku ya mvua na siku ya jua. Pima unyevu wa hewa kwa vipima-joto viwili, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa kibichi. Chora grafu ya sekunde dhidi ya unyevu. Ukimaliza, futa nta kwa kidole chenye jasho, upime tena.

Shule ya Bagamoyo na shule ya Dodoma zikibadilishana grafu zao, wanafunzi wa pande zote mbili watajifunza jambo ambalo hakuna upande mmoja ungelijifunza peke yake.

Mara nyingine hulikumbuka lile daftari langu la kidato cha pili. Simlaumu mwalimu wetu. Alikuwa na mtihani wa taifa mbele yake, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Lakini sisi wanafunzi zaidi ya thelathini tulijifunza siku ile kuwa macho yetu yakipingana na kitabu, ni macho yanayosema uongo. Ingetupasa kuandika hivi: "Leo, saa tatu asubuhi, mvua ikinyesha, rula ilisuguliwa kwa sufu mara nyingi, na karatasi hazikuvutwa." Hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo sahihi, na swali lililostahili kufuata ni moja tu: kwa nini?